Namna ya kuweka mawanda ya upimaji wa ruta kabla hujaitia saini: mwongozo kamili

Ruta mbili zenye poti za gigabiti 10 zinaweza kuwa na karatasi za vipimo zinazofanana tarakimu kwa tarakimu, lakini moja ikahimili mtandao wako na nyingine ikaanza kudondosha pakiti saa mbili usiku, wakati kila mteja yuko kwenye simu. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mtengenezaji mmoja alipima kwa pakiti kubwa, kifaa kikiwa hakina kanuni hata moja ya kuchuja. Mwingine alipima kwa mzigo unaokaribia hali halisi. Kilichotofautiana ni mawanda ya kipimo: nini kimepimwa, katika hali gani, kwa kigezo kipi cha kufaulu, na nini kimeachwa nje.

Mwongozo huu ni wa mhandisi au fundi wa mtandao aliyepewa kazi ya kupima ruta kabla haijanunuliwa. Nitautumia mfano mmoja hadi mwisho: mtoa huduma wa intaneti wa ukubwa wa kati, tuseme yuko Dar es Salaam, anatafuta ruta ya mpakani. Upande mmoja itaungana na watoa huduma wawili wa kimataifa na kituo cha kubadilishana trafiki, upande wa pili wako wateja. Poti ni za gigabiti 10. Anayepima ruta ya tawi la benki au ya kituo cha data atabadilisha tarakimu, ila mpangilio wa kazi ni huuhuu.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaosubiri majibu

Kabla ya kugusa kebo, andika sentensi moja juu ya ukurasa mtupu. Kwa mfano wetu: “Je, ruta hii itabeba gigabiti 6 za trafiki ya wateja kila upande, ikiwa na jedwali zima la BGP na kanuni zetu za kuchuja, kwa miaka mitatu ijayo?” (BGP ni itifaki ambayo mitandao hutumia kuambiana njia za kufikia anwani za intaneti; jedwali lake ni orodha ya njia hizo.) Swali hili lina kiasi, lina hali na lina muda. “Tupime utendaji wa ruta” si swali. Ni njia ya kupoteza wiki mbili na kurudi na grafu nzuri zisizomsaidia mtu wa manunuzi.

Kila kipimo kitakachopendekezwa baada ya hapo kiulizwe jambo moja tu: majibu yakiwa mabaya, uamuzi utabadilika? Kama hautabadilika, kipimo hicho kitoke, hata kama kinavutia. Naamini hili kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu, kwa sababu mawanda hayaharibiki kwa kukosa vipimo. Yanaharibika kwa kuongezwa kimoja kimoja na watu wenye nia njema mpaka muda unaisha kabla ya kile cha lazima kufikiwa.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa kinachopimwa

IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, ina kikundi cha kazi kinachoshughulikia upimaji wa namna hii pekee, na hati zake, ziitwazo RFC, ni za bure. RFC 1242 ya mwaka 1991 inatoa maana za maneno. RFC 2544 ya mwaka 1999 inatoa utaratibu wenyewe, na ndiyo inayotajwa kwenye zabuni nyingi hadi leo. RFC 2285 ya mwaka 1998 inatenganisha kifaa kimoja kinachopimwa na mfumo mzima unaopimwa. Utenganisho huu uuchukue kwa uzito. Ukiweka swichi kati ya mashine ya kupimia na ruta, umeacha kupima ruta; unapima ruta na swichi kwa pamoja, na ripoti iseme hivyo.

Ndani ya mpaka andika modeli, kadi zilizochomekwa, ukubwa wa kumbukumbu, aina ya moduli za fiba na toleo la programu mpaka tarakimu ya mwisho. Toleo la programu ndilo husahaulika, ilhali badiliko moja dogo linaweza kuhamisha kazi fulani kutoka kwenye chipu maalumu kwenda kwenye prosesa, na kasi ikaporomoka. Matokeo ya toleo moja yasihesabiwe kuwa ya toleo jingine.

Nje ya mpaka kuna mashine ya kupimia, nayo ina kikomo chake. Kwa hiyo mawanda yatamke kwamba, kabla ya kila kitu, poti mbili za mashine hiyo zitaunganishwa moja kwa moja bila ruta katikati na vipimo vyote kuendeshwa. Ikishindwa kutuma na kupokea kwa kasi kamili ikiwa peke yake, haina mamlaka ya kuihukumu ruta. Vifaa vya Spirent na Keysight vimetengenezwa kwa kazi hii lakini bei yake ni ya maabara kubwa. TRex, programu huria iliyotoka Cisco, hufanya kazi nzuri kwenye seva ya kawaida yenye kadi ya mtandao inayofaa. iperf3 ni zana nzuri kwa shughuli nyingine. Hapa utakuwa unapima pia uwezo wa kompyuta zilizo pande mbili, hasa kwa pakiti ndogo.

Sharti la mahali halina mjadala: maabara, si mtandao wenye wateja. Vipimo vya RFC 2544 husukuma kifaa mpaka kizidiwe, na watu walipoanza kuviendesha kwenye mitandao iliyo kazini, IETF ilitoa RFC 6815 mwaka 2012 kueleza kwamba kufanya hivyo kuna madhara. Kwa anwani za majaribio tumia 198.18.0.0/15, iliyotengwa kwa ajili hii, na 2001:2::/48 kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotumika sambamba na IPv4. Kebo ikichomekwa pasipostahili, anwani hizo angalau si za mtu.

Hatua ya 3: Chagua ukubwa wa fremu, kisha hesabu pakiti kwa sekunde

Hapa ndipo karatasi za vipimo hupata nafasi ya kung’ara, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Ruta hufanya kazi yake kubwa kwa kila pakiti, si kwa kila biti. Kutafuta njia kwenye jedwali, kupitisha kanuni, kubadilisha kichwa cha pakiti: yote hufanyika mara moja kwa pakiti, iwe ndogo au kubwa. Kwenye Etherneti pakiti husafiri ndani ya bahasha iitwayo fremu, na kila fremu huongezewa baiti 20 za utangulizi na nafasi ya kupumua kabla ya inayofuata. Fremu ya baiti 64 kwa hiyo hukalia baiti 84 za waya, yaani biti 672. Gawa gigabiti 1 kwa 672 upate fremu 1,488,095 kwa sekunde. Kwa gigabiti 10 ni fremu 14,880,952, ikimaanisha ruta ina nanosekunde 67 tu za kumalizana na kila moja. Fremu ya baiti 1518 kwenye gigabiti 10 huja mara 812,743 kwa sekunde. Waya ni uleule umejaa, lakini kazi imepungua zaidi ya mara 18. Ndiyo maana “gigabiti 10” bila ukubwa wa fremu ni dai lisilokamilika.

RFC 2544 inataka saizi saba kwa Etherneti: 64, 128, 256, 512, 1024, 1280 na 1518. Kwa ununuzi ushauri wangu ni kushika zote saba kwenye kipimo cha upitishaji, kwa sababu mporomoko mara nyingine hujitokeza kwenye saizi ya katikati ambayo hakuna aliyeitarajia, halafu kupunguza hadi tatu kwenye vipimo vingine.

Ongeza mchanganyiko mmoja. Uliozoeleka ni fremu saba za baiti 64, nne za baiti 570 na moja ya 1518, wastani ukiwa takriban baiti 354. Trafiki ya sasa, iliyojaa video, ina wastani mkubwa zaidi, kwa hiyo ukiweza chukua takwimu kutoka kwenye ruta yako ya zamani: baiti zilizopita gawa kwa pakiti zilizopita, saa za kilele, kila upande kivyake. Namba hiyo moja kutoka kwenye mtandao wako ina thamani kuliko mchanganyiko wowote wa vitabuni. Namna ya kuuandika mchanganyiko ili mwingine aurudie imeelezwa kwenye RFC 6985 ya mwaka 2013.

Hatua ya 4: Tamka kigezo cha kufaulu

Kwa RFC 2544, kiwango cha upitishaji ni kasi ya juu kabisa ambayo kifaa hakipotezi hata fremu moja, na jaribio la kuthibitisha lidumu sekunde 60 au zaidi. Si kila mtengenezaji hutumia kigezo hicho. MikroTik, ambao vifaa vyao vinatumika sana Afrika Mashariki, huchapisha kwa kila modeli jedwali lenye fremu za 64, 512 na 1518, bila kanuni na pia kukiwa na kanuni 25 za kuchuja, na chini yake wanatamka kwamba majaribio ni ya sekunde 30 na zaidi huku upotevu wa hadi asilimia 0.1 ukivumiliwa. Wamefanya vyema kusema wazi. Lakini tarakimu hiyo usiiweke safu moja na ya mtengenezaji aliyepima kwa upotevu sifuri. Asilimia 0.1 ya gigabiti 1 ya fremu ndogo ni fremu 1,488 zinazopotea kila sekunde.

Sifuri nayo ina ugumu wake. Ruta inayoendesha kazi kwa prosesa ya kawaida inaweza kupoteza pakiti chache kwa sababu prosesa ilishughulika na jambo jingine kwa kitambo kidogo, na matokeo ya “upotevu sifuri” yakashuka chini kuliko uwezo wake wa kila siku. Mradi wa FD.io, wa programu huria za kupitisha pakiti, hutoa namba mbili kwa kila hali: moja ya upotevu sifuri na nyingine ya upotevu usiozidi asilimia 0.5. Fanya vivyo hivyo, lakini iandikwe mapema ni ipi itakayoamua. Ukiiacha mpaka matokeo yatoke, kila muuzaji atachagua ile inayompendeza.

Ucheleweshaji una mtego wa maana yake. RFC 1242 inataka kifaa kinachopokea fremu nzima kabla ya kuituma kipimwe tangu biti ya mwisho iingie hadi biti ya kwanza itoke. Kifaa kinachoanza kutuma kabla fremu haijaisha kuingia hupimwa kutoka biti ya kwanza hadi ya kwanza. Taja ipi inatumika. Taja pia kasi ya mzigo wakati wa kupima, maana ucheleweshaji wa ruta iliyo tupu haukwambii lolote kuhusu saa mbili usiku.

Hatua ya 5: Ivalishe ruta nguo zake za kazi

Ruta isiyo na usanidi ni kifaa ambacho hutakimiliki kamwe. Gawa mawanda katika hali tatu: tupu, ili kupata msingi wa kulinganishia, yenye kanuni za kuchuja peke yake, na yenye kila kitu kitakachowashwa kazini, yaani kuchuja, kukusanya taarifa za mtiririko, foleni za vipaumbele na ufuatiliaji wa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya kifaa kwa mbali. RFC 2544 ina mpango wake wa kanuni 25, ambapo 24 za mwanzo haziigusi trafiki ya jaribio na ya mwisho ndiyo inayoiruhusu, kusudi kifaa kilazimike kuipitia orodha yote. Kama wewe una kanuni 300, pima kwa 300.

Wingi wa mitiririko nao ni sehemu ya nguo hizo. Jaribio lenye anwani moja kwenda anwani moja huangukia kwenye njia moja ya ndani au kiini kimoja cha prosesa. Ruta ya viini kumi itaonekana dhaifu bure. Au kinyume chake, kumbukumbu ya muda mfupi itaibeba na ionekane hodari bure. RFC 2544 inataka trafiki isambazwe kwenye mitandao 256 ya mwisho wa safari, na RFC 4814 ya mwaka 2007 inaongeza kwamba anwani na namba za poti zibadilike bila mpangilio. Mawanda yaseme mitiririko mingapi. Kwa ruta ya mpakani, mimi singekubali chini ya maelfu kumi.

IPv6 ipimwe kwa vipimo vilevile, kwa kufuata RFC 5180. Pima pia IPv4 na IPv6 zikipita pamoja, kwa sababu kwenye vifaa vingine hugombea kumbukumbu moja.

Hatua ya 6: Usiishie kwenye pakiti, pima akili ya ruta

Wapimaji wengi husimama hatua ya tano. Kwa ruta ya mpakani, huko ni kuacha nusu ya kazi.

Kwanza ni ujazo wa jedwali. Tarehe 12 Agosti 2014 njia za IPv4 kwenye intaneti zilifika takriban 512,000, na ruta za zamani ambazo kumbukumbu yake ya chipu ilikuwa imegawiwa nafasi kiasi hicho zilijaa. Huduma ziliyumba katika nchi mbalimbali. Poti hazikuwa na tatizo, wala kasi. Nafasi ndiyo iliyoisha. Leo njia za IPv4 zimevuka 900,000 na za IPv6 zimevuka 200,000. Kwa swali letu la miaka mitatu, jaribio lipakie zaidi ya jedwali la leo: ningeandika milioni 1.5 za IPv4 na 400,000 za IPv6 kwa pamoja, kisha kipimo cha upitishaji kirudiwe jedwali likiwa limejaa. Programu za BIRD, GoBGP au ExaBGP zitatangaza njia hizo kutoka kwenye seva. Hakikisha njia zimefika mpaka kwenye chipu ya upitishaji; prosesa inaweza kuzionyesha zote ilhali chini yake zimeachwa nyingine.

Pili ni muda wa kujirekebisha njia inapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo ruta ya mpakani hupokea mafuriko ya njia zinazoondolewa, na lazima ihamishe mamia ya maelfu ya njia kwenda upande uliobaki. RFC 7747 ya mwaka 2016 inaeleza upimaji wa muda huu kwa BGP. Njia rahisi na ya kuaminika ni kutumia pakiti zenyewe kama saa: tuma pakiti 100,000 kwa sekunde zikielekea njia nyingi tofauti, kata kiungo, subiri trafiki irudi, hesabu zilizopotea. Zikiwa 350,000, wateja wako wangekaa gizani kwa jumla ya sekunde 3.5. Kata kwa namna mbili, kwa kuchomoa fiba na kwa kuifanya jirani ya BGP, yaani ruta ya upande wa pili, inyamaze bila kiungo kuanguka, kwa kuwa ruta huigundua ya pili polepole zaidi.

Tatu, washa upya kifaa na upime mpaka trafiki irudi kikamilifu jedwali likiwa zima. RFC 6201 ina utaratibu wa kuanza upya, ikitenganisha kukatika kwa umeme na kuanza upya kwa programu. Kwetu umeme ni sababu tosha ya kutokiacha kipimo hiki.

Hatua ya 7: Hesabu muda kabla hujaahidi tarehe

Ucheleweshaji kwa RFC 2544 hutaka mtiririko wa sekunde 120 kwa uchache, urudiwe mara 20 na wastani uchukuliwe. Hiyo ni dakika 40 kwa saizi moja ya fremu. Kwa saizi saba ni saa 4 na dakika 40. Zidisha kwa hali tatu za usanidi na kwa IPv4 na IPv6, unapata saa 28 za mashine kwa kipimo kimoja. Ukipunguza hadi saizi tatu unabaki na saa 12. Kipimo cha fremu zinazofuatana bila pengo hurudiwa mara 50, na RFC 9004 ya mwaka 2021 imekirekebisha, kwa hiyo fuata hiyo badala ya maandishi ya 1999.

Panga jedwali la vipimo na muda wa kila kimoja, kisha weka alama tatu: lazima, muhimu, ikiwezekana. Muda ukibana, kata kutoka chini na uandike kilichokatwa. Kwa ruta ya mpakani, lazima kwangu ni upitishaji katika usanidi kamili, jedwali lililojaa, na kukatika kwa kiungo. Ucheleweshaji ni muhimu tu; tofauti ya mikrosekunde hupotea ndani ya safari ya kwenda Ulaya inayozidi milisekunde mia moja. Anayejenga mtandao wa soko la hisa ataupanga kinyume.

Hatua ya 8: Orodhesha visivyopimwa

Sehemu hii wengi huiona aibu kuiandika, na ndiyo humkinga mpimaji. Kwa mfano wetu: tafsiri ya anwani za wateja, kwa kuwa inafanywa na kifaa kingine, kasi ya VPN, kwa kuwa haitumiki hapo, kinga dhidi ya mashambulizi, kwa kuwa vifaa vya usalama vina mwongozo wao, RFC 9411 ya mwaka 2023, uimara kwenye joto na vumbi, kwa kuwa maabara yetu haina chumba cha kudhibiti joto. Kila kipengele kiwe na sababu yake kwenye mstari uleule. Meneja akisoma “joto halikupimwa” na huku anajua kifaa kitakaa kwenye kontena chini ya mnara Dodoma, ana nafasi ya kupinga sasa.

Hatua ya 9: Funga mawanda na uyalinde

Hati yote isizidi kurasa nne: swali, mpaka, mchoro wa miunganisho, jedwali la vipimo na vigezo, visivyopimwa, muda, na namna ya kuhifadhi matokeo. Wasaini mpimaji, msimamizi wa mtandao na mtu wa manunuzi. Mpelekee kila muuzaji nakala ileile siku ileile, na wape nafasi ya kusahihisha usanidi wa kifaa chao kabla ya jaribio la kwanza, si baada ya matokeo. Muuzaji akiomba ukubwa fulani wa fremu uondolewe, jibu kwa maandishi, na ombi lake likae kwenye jalada.

Badiliko lolote katikati ya kazi liandikwe na tarehe, aliyeliomba na vipimo vinavyopaswa kurudiwa. Muuzaji akileta toleo jipya la programu siku ya tatu, vipimo vya lazima vyote vinaanza upya. Hakuna kuchanganya nusu ya toleo la zamani na nusu ya jipya kwenye jedwali moja. Pamoja na ripoti, hifadhi mafaili ghafi ya mashine ya kupimia, usanidi kamili wa ruta kama ulivyokuwa wakati wa jaribio, na matokeo ya ile siku ya kwanza ya poti kwa poti bila ruta. Mwaka ujao, toleo jipya la programu litakapotoka, utahitaji vyote vitatu ili kurudia kipimo kilekile kwenye kifaa kilekile.